Amana ya Mgonjwa

Katika vitenzi vya lugha yetu liko neno moja ambalo mwalimu wa sarufi hupata taabu kulieleza mbele ya darasa lenye wanafunzi werevu. Kitu kikipungua, aliyekifanya kipungue amekipunguza. Chakula kikiungua, mpishi amekiunguza. Basi mtu akiugua, aliyemwuguza amemtenda nini? Kwa kanuni ya umbo la neno ingepasa kusema kwamba amemtia ugonjwa. Lakini hapana mtu asemaye hivyo, wala hapana asikiaye hivyo. Mwenye kuuguza ni yule aketiye kando ya kitanda na kikombe cha uji mkononi. Mama ambaye mtoto wake ana homa, akiulizwa sababu ya kutoonekana kisimani siku tatu, hujibu kwa neno moja tu, "Nauguza," na jibu hilo hutosha. Jirani hurudi nyumbani kutafuta cha kumletea.

Wataalamu wa lugha na watueleze njia iliyopitiwa na umbo hilo. Mimi lanitosha lile lililomo ndani yake: kwamba katika fikira za waliotuachia lugha hii ugonjwa haukuwa shughuli ya mtu mmoja. Mmoja huugua, na wa pili huuchukua ugonjwa ule pamoja naye mpaka mwenyewe aweze kuutua. Hata jina la wauguzi wetu wa hospitali, ambao kazi yao ni ya elimu na kiapo, limetokana na kazi hiyo ya nyumbani isiyo na mshahara.

Swali ninalotaka kulipima hapa lahusu kuuguza kuliko kugumu kupita kote. Ajali haina kinga, walisema wahenga, na zipo ajali zinazomwacha mtu hai bila ya yeye kujua kuwa yu hai. Abiria wa basi lililopinduka, kijana wa pikipiki, mkwezi aliyeanguka kutoka kileleni mwa mnazi, mchimbaji aliyeangukiwa na kifusi: hawa huletwa hospitali wakiwa na pumzi lakini hawana fahamu, na yawezekana wakakaa hivyo siku mbili au siku arobaini. Jamaa zao huja. Hutandika mkeka chini ya mwembe wa uani, huweka chupa ya chai, beseni na kanga mbili tatu, kisha huanza kungoja. Wanangoja nini, na kungoja kwao kwamfaa nani, ikiwa anayengojwa hajui kwamba anangojwa?

Ofisa mmoja niliyefanya naye kazi miaka mingi, mtu wa hesabu asiyependa kitu kisicho na faida, alikuwa akisema kwamba mkesha wa namna hii ni desturi ya kuonyeshana. Mgonjwa hajui, wauguzi wapo, daktari amekwisha kusema kwamba kilichobaki ni wakati. Basi watu kumi hulala juu ya saruji kwa ajili ya nani, kama si kwa macho ya majirani watakaouliza kesho nani alikuwepo na nani hakuwepo? Nendeni nyumbani, alisema, mkalime, mkalale, mrudi saa ya kutazama wagonjwa. Hoja hii si ya kudharau. Wako kweli wakeshao kwa kuogopa lawama, na wako wajao hospitali kwa wingi wakaziba njia, wakamchosha mgonjwa na muuguzi. Kila aliyepata kukaa uani mwa hospitali amewaona.

Tuanze na neno lile "hajui". Mwaka 1974 madaktari wawili wa mji wa Glasgow huko Scotland, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitunga kipimo cha fahamu ambacho leo hutumika karibu dunia nzima, pamoja na hospitali zetu. Hupimwa mambo matatu: kufumbua macho, kusema, na kujongeza viungo. Mtu mwenye fahamu zake zote hupata alama 15. Jamaa wakisikia "ana saba" au "ana tano" huipokea alama ile kama wazazi wapokeavyo matokeo ya mtihani. Huipeleka nyumbani, nayo huzungumzwa mtaa mzima. Wengi hawajui kwamba kipimo hicho hakina sifuri. Alama ya chini kabisa ni 3, maana katika kila jambo asiyefanya chochote hupewa moja. Pengine ni hesabu tu, lakini mimi niliyezoea kuhesabu mizani naona adabu ndani yake.

Kisha mwaka 2006 watafiti wa Cambridge, wakiongozwa na Adrian Owen, walitangaza habari ya mwanamke kijana aliyeumia katika ajali ya barabarani, ambaye miezi mitano baadaye alikuwa hajaonyesha dalili yoyote ya kujua. Walimwingiza katika mashine ya kupiga picha ubongo ufanyapo kazi, wakamwambia ajione anacheza tenisi, kisha ajione anatembea katika vyumba vya nyumba yake. Ubongo wake ukajibu kama ubongo wa mtu mwenye afya. Mwaka 2024 ulitolewa utafiti mkubwa zaidi, uliowakusanya wagonjwa wa nchi mbalimbali: katika wagonjwa 241 wasioitika amri kwa kiungo chochote, 60 waliitika kwa ubongo. Ni kama mmoja katika kila wanne. Basi anayezungumzia ugawaji wa shamba la mgonjwa karibu na kitanda cha mgonjwa huyo huyo, na apunguze sauti.

Hata hivyo sitaki kuujenga wajibu juu ya wale 60. Tukisema kwamba twakesha kwa kuwa labda anasikia, tutawaambia nini jamaa wa wale 181 waliosalia? Wajibu unaotegemea mashine utaondoka siku mashine itakaposema hapana, na mama wa mgonjwa hataondoka.

Jawabu, kwa maoni yangu, liko katika jambo ambalo watu wetu walilijua kabla ya mashine zote hizo, nalo ni amana. Jirani anaposafiri akakuachia ufunguo wa sanduku lake, hajui usiku unafanya nini na ufunguo ule. Kutojua kwake hakupunguzi wajibu wako hata chembe. Ndiko kunakoufanya uwe wajibu. Maana kama angekuwepo akikutazama, usingekuwa mwaminifu, ungekuwa mlinzi aliyesimamiwa. Ofisa yule aliposema "mgonjwa hajui" alidhani ametoa sababu ya kwenda nyumbani, kumbe alikuwa ametaja hasa sababu ya kubaki.

Upo mfano wa karibu zaidi, wa wasii wa mali ya yatima. Sheria na desturi zilimfunga wasii kwa mambo yanayojulikana: asichanganye mali ya mtoto na yake, asiile, amjaribu mtoto akili yake anapokua, akimwona ameongoka, amkabidhi mali yake mbele ya mashahidi. Asimkabidhi mapema, mtoto asije akaipoteza, wala asichelewe kwa kuwa amekwisha kuizoea. Mgonjwa aliyepoteza fahamu ni kama yatima, ijapokuwa wazazi wake wote wawili wako uani. Kila kilicho chake kimeangukia mikononi mwa wengine kwa ghafula. Mkesha ni usii.

Ni mali gani hiyo? Mwili ndio wa kwanza kuonekana. Mgonjwa asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akaota vidonda vya kulalia mgongoni na visiginoni. Husafishwa, hunyolewa, hulishwa kwa mpira upitao puani. Hapo lipo jambo la sitara ambalo hapana cheti kinacholifundisha: nani amfunue, nani ageuze uso, nguo ivutwe mpaka wapi. Mtu mzima aliyekuwa akivaa kanzu iliyopigwa pasi sasa hana la kusema juu ya vazi lake, na yule anayemfunika bila ya kuambiwa anamtunzia kitu atakachokihitaji siku atakapotembea tena barabarani.

Jina lake na mali yake navyo vimo katika amana hiyo, lakini juu ya hayo sitasema mengi, maana uovu wake u wazi. Nimesikia habari ya kidole gumba cha mgonjwa kuchovywa wino usiku wa manane. Msomaji hahitaji insha ili ajue jina la kitendo hicho.

Jambo gumu ni habari. Ajali haimjeruhi mtu mmoja daima. Mara nyingi huondoka na wenziwe. Na yule anayeamka huamkia dunia iliyopungua watu, naye hajui. Habari ya kifo cha aliyempenda ni yake, tena ni yake kuliko ya yeyote. Lakini wanaoijua ni wengine, nao wako kando ya kitanda wakimtazama machoni.

Katika ukoo wetu lilitukia jambo hilo. Ndugu wawili, watoto wa binamu yangu, mafundi seremala wote wawili, walipanda gari moja kwenda kununua mbao, gari likapinduka. Mkubwa, mwenye mke na watoto wawili, alikufa papo hapo. Mdogo, ambaye alikuwa hajaoa, alipelekwa hospitali bila fahamu akakaa hivyo siku kumi na tisa. Mama yao alimzika mmoja siku ya Jumanne, na Jumatano akaketi kando ya kitanda cha wa pili. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi cha msiba. Kila alipofika langoni mwa hospitali alikifungua, akakikunja, akakitia kikapuni chini ya chupa ya uji, akaingia na kanga ya maua. Alipotoka alikifunga tena. Alifanya hivyo hata katika siku zile kumi na tisa ambazo mwanawe hakuwa na fahamu ya kutambua rangi.

Mgonjwa alipofumbua macho na ulimi ukamrudia, neno lake la kwanza lenye maana lilikuwa, "Kaka yuko wapi?"

Wazee wakakaa shauri chini ya mwembe. Mjomba wa kijana, mtu mwema na mwenye huruma, akasema aambiwe kwamba kaka yake amelazwa hospitali nyingine, mguu umevunjika, anaendelea vizuri. Karibu wote waliafiki. Ndipo shangazi yake, ambaye ndiye aliyekuwa akilala wodini kila usiku, akanena: "Shemeji, nisamehe. Ninyi mtasema mara moja mkaenda zenu. Mimi ndiye nitakayemlisha uongo huo kwa kijiko kila siku. Na watoto wa marehemu watakapokuja kumtazama baba yao mdogo, mtawafundisha waseme baba yao hajambo?" Hapakuwa na aliyejibu. Basi akaachiwa yeye.

Kijana alipouliza tena, shangazi alimwambia, "Habari ya kaka yako ninayo. Nitakupa. Kunywa uji kwanza." Hakusema yu hai, hakusema amekufa. Kijana alimtazama, akanywa.

Siku ya tatu alikuja mgeni mwenye nia njema akampa pole ya msiba. Kijana alilia mpaka nguvu zikamwisha, akalala. Jioni akaamka, akauliza: "Kaka yuko wapi?" Kilio cha mchana kilikuwa kimefutika kama maandishi juu ya mchanga. Madaktari wanaijua hali hii. Aliyeumia ubongo, baada ya kufumbua macho na hata baada ya kusema, huwa na muda, wa siku au wa majuma mengi, ambao hawezi kuhifadhi jambo jipya. Huzungumza nawe vizuri, ukitoka mlangoni na kurudi hukupokea kama mgeni.

Hapa ndipo wapenda kweli wa namna ya vitabuni wanapopata mtihani. Wako wasemao kwamba kweli isemwe wakati wote na kwa kila aulizaye, na mimi katika mambo ya Taifa na ya ofisi nipo upande wao. Lakini mbele ya kitanda kile, msema kweli angemwua marehemu mara nne kwa siku, na kila mara kilio kingekuwa cha kwanza. Mgonjwa asingebakiwa na ujuzi wowote, angebakiwa na uchungu tu usiojua umetoka wapi. Kumpa mtu kitu ambacho mkono wake hauwezi kukishika hakuitwi kukabidhi.

Upande wa pili wako wenye kusema, "Mgonjwa haulizwi uji." Ni methali njema kwa uji. Aliyedhoofika hatakuambia kwamba ana njaa, basi mletee. Lakini imenyoshwa mno, ikafanywa hati ya kumwamulia mgonjwa kila kitu, pamoja na kile atakachokijua juu ya maisha yake mwenyewe. Uongo wa mjomba ulitoka katika huruma; sina shaka juu ya hilo. Walakini uongo ni kitu kisichokaa peke yake. Unahitaji mguu uliovunjika, kisha unahitaji daktari wa mguu, kisha salamu kutoka kwa aliyekufa, kisha sababu ya kuchelewa kwake kuja, na kila mwenye kuingia wodini sharti afundishwe mlangoni. Hatimaye wote wamekuwa kundi moja lenye siri, na mgonjwa yuko peke yake nje ya kundi hilo, ingawa wamemzunguka. Siku atakapojua, na atajua, atapoteza watu wote wale kwa pamoja. Mficha maradhi kilio humfichua, na mficha kilio je?

Kati ya kunyamaza na kudanganya pana tofauti ambayo sisi tuliofanya kazi masijala tunaijua kwa mikono. Jalada lisiloweza kushughulikiwa leo huandikwa tarehe ya kuletwa tena, likawekwa mahali pake. Mwenye shida akiuliza huambiwa kwamba lipo na siku yake itafika. Jalada lingine hutiwa chini ya kabati, na mwenye shida huambiwa kwamba halijapata kuwepo. Yote mawili hayakushughulikiwa leo. Lakini karani wa kwanza ameahirisha na wa pili ameiba. Shangazi aliposema "ninayo, nitakupa" aliandika tarehe.

Na alijuaje kwamba tarehe imefika? Kijana alipotolewa hospitali akarudi nyumbani, shangazi alianza kumwuliza kila jioni alikula nini asubuhi, na nani alikuja kumtazama jana. Mwanzo alikosea yote, au alibuni. Baadaye alipata moja akakosa mawili. Alipojibu sawasawa siku saba mfululizo, shangazi akawaita mama yake na mjomba wake, wakaketi wote wanne ndani, akamwambia. Huyu ni mwanamke ambaye hakupata kusoma kitabu cha sheria ya usii wala cha tiba ya ubongo, na mtihani wake ungekubalika katika vyote viwili.

Kijana alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Nilijua kuna jambo, maana hamkumtaja hata mara moja." Halafu akauliza nani aliingia kaburini kumpokea. Akatajiwa. Akauliza mvua ilinyesha au haikunyesha.

Lipo jambo ambalo shangazi na mama walikuwa wamelifanya na ambalo mimi nalihesabu kuwa tendo kubwa kuliko kunyamaza kwao. Msiba una wakati wake. Watu hukusanyika, hulia, hupika, hulala chini. Kisha matanga huanuliwa, kila mtu akarudi kwake, na baada ya hapo anayelia hulia peke yake. Aliyekuwa hana fahamu yote hayo yamempita. Akiambiwa baada ya miezi miwili atapokea msiba ambao wengine wamekwisha kuumaliza. Huzuni yake itakuwa kama ya mtu aliyefika ngomani watu wakikunja mikeka. Ukoo ulimzika marehemu kwa wakati, maana maiti hangoji. Lakini nguo zake hazikugawanywa, kaburi halikujengewa, na matanga hayakuanuliwa kwa ukamilifu. Wako walionung'unika juu ya gharama ya kukutana mara mbili. Mama akasema mwanangu mmoja bado hajalia. Basi baada ya habari kutolewa watu waliitwa tena, wakalala chini siku tatu, na kijana akalia katikati ya watu. Sehemu yake ya kilio ilikuwa imewekwa.

Katika amana ya mgonjwa zimo pia siku zenyewe. Mtu aliyeamka baada ya majuma matatu ana shimo katika umri wake, na shimo halikai tupu. Wengi waliolazwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi husimulia baadaye mambo ya kutisha wanayoyakumbuka kwa yakini: kwamba walifungwa kamba, kwamba muuguzi alitaka kuwazamisha majini, kwamba walikuwa gerezani. Ndoto hizo, zilizochanganyika na dawa, mipira na taa zisizozimwa, huwa ndizo historia yao ya siku zile kama hawana nyingine. Katika nchi za Skandinavia wauguzi walianza katika miaka ya 1980 kuwaandikia wagonjwa wa namna hiyo daftari, siku kwa siku, pamoja na jamaa zao. Mgonjwa akipona hupewa lisome naye, lijaze shimo. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 kutoka nchi 6 za Ulaya ulionyesha kwamba katika waliopewa daftari waliopatwa na kiwewe kipya walikuwa kama 5 katika 100, na katika wasiopewa 13 katika 100.

Yule kijana seremala alikuwa na mpwa wa kike wa Kidato cha Pili, ambaye alilifanya jambo hilo bila ya kusikia habari za Skandinavia. Alichukua daftari la mazoezi akaandika: leo mjomba amekohoa, leo bibi amemkata kucha, leo umeme ulikatika saa moja, muuguzi akapuliza hewa kwa mkono, leo amemshika shangazi kidole lakini daktari anasema bado. Ni maandishi yasiyo na pambo lolote. Kijana alikuwa ameshikilia kwamba alitekwa na watu waliomfunga mikono. Katika daftari akakuta kwamba mikono ilifungwa kwa bendeji usiku wa siku ya kumi na sita, kwa kuwa alikuwa akivuta mpira wa puani, na kwamba shangazi alikuwa amekaa ameishika ile mikono. Watekaji wakaondoka. Walimu wanaotafuta mazoezi ya uandishi yenye faida kwa wanafunzi wao wangeweza kufikiri juu ya daftari lile.

Sasa nageukia neno ambalo hunenwa kwa kunong'ona. Hujafa hujaumbika. Anayerudi kutoka mbali namna hii si lazima awe yule aliyekwenda. Wanafunzi wa tiba husimuliwa habari ya Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli huko Vermont, Marekani, ambaye tarehe 13 Septemba 1848 mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita moja ulipita shavuni mwake ukatokea utosini. Hakufa. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika baadaye kwamba mtu yule mpole na mwenye mpango alikuwa amegeuka mwenye matusi na asiyetulia, hata rafiki zake hawakumtambua. Vitabu vingi huishia hapo. Wachache huendelea kusema kwamba mwaka 1852 alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi huko miaka kadhaa, kazi itakayo mkono thabiti na subira na abiria, kabla ya kufa mwaka 1860.

Kijana wetu alirudi na hasira ambazo hakuwa nazo. Kelele humtesa. Vipimo vya mbao, alivyokuwa akivijua kwa jicho, vimemponyoka. Hupima mara tatu akapata majibu matatu. Jamaa waliokesha kwa uaminifu miezi mitatu walianza, mmoja mmoja, kusema, "Huyu siye." Hapo naona mkesha unapofikia mahali pake pa hatari. Kila aliyengoja alikuwa na mtu aliyemngoja, mwenye cheko fulani na mwendo fulani, na kwa sala zake zote alikuwa akimwomba yule. Aliyekuja ni mwingine kwa sehemu. Wasii hana hiari ya kusema kwamba mtoto aliyekua hakufanana na alivyotarajia, basi mali abaki nayo. Mwenye amana ni yule aliyepo. Ni rahisi kuandika hivyo juu ya karatasi. Mama yake aliniambia kwamba ziko siku ambazo humlilia mdogo pamoja na mkubwa, na kisha humpelekea chakula. Sikuona kosa katika kilio kile.

Nao waliokesha, nani huwakesha? Kwa desturi yetu kazi hii imewaangukia wanawake karibu yote, na hilo lingefaa insha nyingine yenye maneno makali kuliko haya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ilivyotungwa mwaka 2004, ilimpa mfanyakazi siku zisizopungua 4 zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake, na kwa kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Msomaji aitazame orodha hiyo vizuri. Kwa mume, mke, mama na ndugu, siku zilitolewa za kuzika. Za kuuguza hazikutajwa. Walioajiriwa waliomba ruhusa, wakapewa au wakanyimwa kwa kadiri ya moyo wa mkubwa wao wa kazi. Shangazi yule hakuwa ameajiriwa na mtu. Alikuwa na genge la mboga, likafa katika mwezi wa kwanza, na hapana aliyelitia katika hesabu ya hasara za ajali.

Kijana sasa hupiga msasa katika karakana ya rafiki wa marehemu kaka yake. Shangazi amerudi kwake, amefungua genge jingine, dogo kuliko lile. Ananiambia kwamba mpaka leo huamka saa nane ya usiku, na tena saa kumi, zile saa za kumgeuza mgonjwa. Huketi kitandani, akasikiliza, kisha akalala tena.